Arosto ya Sigara: Historia ya Maumivu Yaliyokosa Jina

Neno arosto sikulikuta darasani. Nililisikia kwa wanafunzi wenzangu waliotoka Mombasa na Dar es Salaam, na nilipowauliza maana yake walicheka kwanza, kisha wakanieleza kwa uzito. Arosto ni hali inayompata mteja wa heroini anapokosa dawa: viungo humuuma, tumbo huchafuka, jasho na baridi humjia kwa pamoja, usingizi humkimbia. Hata watu wasiompenda mteja hukubali kwamba mwenye arosto anaumwa. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba mvuta sigara aliyeacha juzi ana arosto. Huyo husemwa ana kisirani, au hajaamua kwa moyo wote.

Katika insha hii nitafuatilia historia ya maumivu hayo ya pili. Nitauliza ni nani waliyaona, ni nani waliyatambua wakayanyamazia, na ni nani waliyatafutia dawa. Sitaandika historia ya tumbaku yote, kwa kuwa hiyo ni ndefu na wengi wameshaiandika. Historia ya kuvuta ina vitabu vingi. Historia ya kuacha ni ya kuokoteza hapa na pale.

Ushahidi wa mapema ninaoujua unatoka kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kimegawanyika kuwa Haiti na Jamhuri ya Dominika. Padri Bartolomé de las Casas, aliyeishi huko mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kuhusu Wahispania waliojifunza kuvuta tumbaku kwa wenyeji wa kisiwa. Walipokemewa kwamba hiyo ni tabia mbaya, walijibu kwamba kuiacha hawawezi. Padri akaongeza kwamba yeye haoni wanapata ladha gani wala faida gani. Nimekisoma kipande hicho mara nyingi. Miaka michache tu baada ya Wazungu kukutana na jani hili, mazungumzo yote yalikuwa yameshaanza: mmoja anasema siwezi, mwingine anasema huoni aibu. Kwa karne 4 zilizofuata hayakusogea sana.

Wafalme waliingia kwa ukali. James I wa Uingereza alichapisha kijitabu cha kuishutumu tumbaku mwaka 1604, akapandisha ushuru wake kwa kiasi kikubwa mno. Sultani Murad IV wa Istanbul aliipiga marufuku mwaka 1633, na adhabu yake ilikuwa kifo. Watu waliendelea kuvuta kwa kujificha. Mwanahistoria anaweza kulichukulia hilo kama kisa cha ukaidi, lakini mimi naliona kama ushahidi wa kitabibu. Mtu anayehatarisha shingo yake kwa ajili ya moshi hafanyi hivyo kwa kupenda harufu tu. Hata hivyo hakuna aliyeuliza mwili wake unahisi nini siku ya pili bila tumbaku. Nyaraka za wakati ule zinazungumzia dhambi, uchafu, uvivu na hatari ya moto katika miji iliyojengwa kwa mbao.

Jina la kitu chenyewe lilichelewa. Mwaka 1828 wanasayansi wawili wa Heidelberg, Posselt na Reimann, walifanikiwa kukitenga kiini cha tumbaku kikiwa peke yake. Kiliitwa nikotini, kutokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa huko Lisbon ambaye karne ya 16 alipeleka tumbaku katika jumba la kifalme la nchi yake. Kisha ikaja mashine. James Bonsack wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kusokota sigara mwaka 1881, na sigara ikawa kitu cha bei ndogo kinachotoshea mfukoni. Jambo hili si la biashara pekee. Moshi wa kiko na wa biringi nene la tumbaku ni mkali, na watu wengi huuachia mdomoni. Moshi wa sigara ni laini, hivyo huvutwa hadi mapafuni, na kutoka hapo nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20. Kadiri dawa inavyofika haraka ndivyo inavyomfunga mtu zaidi. Kwa hiyo maumivu ninayoyaandika hapa, ingawa Las Casas aliyagusa, kwa ukubwa wake wa leo ni zao la kiwanda.

Hata walioijua akili ya binadamu kuliko wengine hawakuponea. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliamriwa na rafiki yake Wilhelm Fliess aache biringi zake mwaka 1894 kwa sababu moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Aliacha kwa muda, akaandika barua za kulalamikia hali yake, kisha akarudia. Mwaka 1923 aligunduliwa kuwa na saratani ya kinywa. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, na aliendelea kuvuta karibu mpaka alipofariki mwaka 1939. Kama kuacha ni suala la kujijua tu, Freud angeacha.

Mtu ninayemheshimu zaidi katika historia hii ni daktari mmoja wa Kiskoti ambaye wengi hawamjui, Lennox Johnston. Yeye mwenyewe alikuwa amevuta na kuacha, na alitaka kujua kama watu wanafuata moshi au wanafuata nikotini. Mwaka 1942, katika jarida la The Lancet, alieleza jaribio lake: aliwachoma sindano za nikotini watu 35 waliojitolea, na yeye mwenyewe akajichoma. Waliokuwa wavutaji walizipenda sindano hizo, na wasiovuta waliziona kero. Johnston alieleza kwamba baada ya sindano 80 alikuwa anaipenda sindano kuliko sigara, na alipoikosa alihisi amepungukiwa na kitu. Leo jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa, na kwa mizani ya sayansi ya sasa lina mapungufu. Lakini jibu lilikuwa pale, wazi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakati majeshi ya pande zote yalikuwa yakigawa sigara kwa askari pamoja na chakula. Halikuwa jibu ambalo watu walikuwa wanalitafuta.

Sasa nifike mwaka 1964. Tarehe 11 Januari, Luther Terry, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitoa ripoti iliyoutikisa ulimwengu kwa kuthibitisha kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Ripoti hiyo husifiwa katika kila kitabu, na inastahili. Lakini ndani yake mna sura ambayo wanaosifu hawaitaji sana. Kamati ilijiuliza kama kuvuta ni uraibu, ikajibu kwamba hapana, ni mazoea. Ilifuata ufafanuzi wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1950, uliotofautisha uraibu na mazoea kwa kuangalia vitu kama kulewa na madhara ambayo mtumiaji anailetea jamii. Mvuta sigara halewi, hapigi watu, haibi ili apate pesa ya pakiti. Basi ana mazoea.

Unaweza kudhani huo ni ubishi wa maneno tu wa wasomi. Mimi nauona kuwa ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika mada hii. Ukiitwa mraibu, kuna anayepaswa kukutibu, na kuna anayepaswa kuulizwa kwa nini alikuuzia. Ukiitwa mwenye mazoea, deni lote ni lako. Tena kampuni zilijua. Mwezi Julai 1963, miezi michache kabla ya ripoti ile, Addison Yeaman, mwanasheria wa kampuni ya Brown & Williamson, aliandika katika waraka wa ndani kwamba nikotini ina uraibu, na kwamba biashara yao hasa ni kuuza dawa hiyo. Waraka huo ulikaa gizani kwa miaka 30. Mwezi Aprili 1994 wakuu saba wa kampuni za tumbaku za Marekani, akiwemo wa Brown & Williamson, walisimama mbele ya kamati ya Bunge na kusema, baada ya kula kiapo, kwamba hawaamini nikotini ina uraibu. Mwezi uliofuata magazeti yakaanza kuchapisha yaliyomo katika nyaraka zao.

Brown & Williamson ilikuwa kampuni tanzu ya British American Tobacco, yaani BAT. Hapa historia inafika kwetu.

Mimi natoka wilaya ya Hoima, katika Bunyoro, magharibi mwa Uganda. Tumbaku ya biashara ililimwa kwetu tangu enzi za ukoloni, na kwa vizazi kadhaa wazazi walilipa karo kwa pesa ya tumbaku. Karo yangu ya shule ya msingi ilitoka humo pia. Mjomba wangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa na banda la kukaushia nyuma ya nyumba. Alilima jani, akaliuza, na yale yaliyokataliwa na wanunuzi akayasokota kwa karatasi ya gazeti na kuyavuta mwenyewe. Wakati mwingine alipopata pesa alinunua sigara za dukani. Kwetu watu huitana kwa empaako, majina ya heshima na upendo; yeye humwita mtu kwa sauti ya chini kama anaomba samahani. Mimi ni Akiiki, yeye ni Araali.

Tangu nikiwa mdogo nimemwona Araali akiacha tumbaku mara tatu. Mara zote ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya kwanza alikuwa mcheshi. Siku ya tatu nyumba nzima ilimwogopa. Alisahau alichotumwa, alimfokea mke wake kwa sababu ya chumvi, usiku alitoka nje akazunguka uani. Wiki ya pili alirudi kwenye msokoto, na majirani wakasema, huyo hana msimamo. Shangazi mmoja alidhani amerogwa. Hakuna aliyedhani anaumwa, naye pia hakudhani. Ninapoandika kwamba uamuzi wa mwaka 1964 ulikuwa mzito, simaanishi kwamba mtu wa Hoima aliisoma ripoti. Namaanisha kwamba mawazo ya kamati ile ndiyo yaliyotawala ulimwengu, na yalifika mpaka uani kwetu.

Nirudi Ulaya, maana dawa ya kwanza yenye maana ilipatikana kwa njia ya ajabu. Mwezi Desemba 1967, Ove Fernö, mkuu wa utafiti katika kampuni ya dawa ya Leo mjini Helsingborg, Sweden, alipokea barua kutoka kwa rafiki yake Claes Lundgren wa Chuo Kikuu cha Lund. Lundgren na mwenzake Stefan Lichtneckert walikuwa wakichunguza afya ya mabaharia wa nyambizi. Ndani ya nyambizi iliyozama huwezi kuwasha sigara. Mabaharia wavutaji walikuwa wakihamia kwenye tumbaku ya kutafuna na ya kubana mdomoni, na wakifika bandarini wanarudia sigara bila shida. Kwa hiyo, waliwaza watafiti hao, kama nikotini ikiingia kwa mlango mwingine, hamu ya sigara hutulia.

Fernö mwenyewe alikuwa mvutaji, na nadhani hilo lilisaidia. Kazi haikuwa rahisi. Nikotini ukiimeza, sehemu kubwa huharibiwa na ini kabla haijafika inakotakiwa, na tumbo hukasirika. Ukiichanganya tu na chingamu, hutoka yote kwa mkupuo na kuchoma koo. Walichofanya ni kuifunga nikotini kwenye punje za aina ya gundi inayoiachia polepole kadiri mtu anavyotafuna, kisha wakaongeza chumvichumvi za kupunguza uchachu wa mate ili nikotini ipite kwenye ngozi laini ya mdomo. Ndiyo maana anayeitumia chingamu hiyo huelekezwa atafune kidogo, kisha aibane shavuni na kuituliza. Anayeitafuna kama chingamu ya watoto hupata kwikwi na kiungulia, kisha husema dawa haifai.

Hapo ndipo swali la zamani lilipojitokeza tena kwa sura ya kiofisi. Kama kuvuta si ugonjwa, chingamu hii ni dawa ya nini? Uswisi iliiidhinisha mwaka 1978, na Marekani mwaka 1984, miaka 17 baada ya barua ile. Wakati huohuo Michael Russell wa London alikuwa akieleza wenzake kwamba nikotini ndiyo inayomshika mvutaji, lakini kinachomuua ni lami na sumu nyingine za moshi. Hiyo ndiyo hoja inayoifanya dawa hii ieleweke: unampa mtu kile kinachomshika, bila kile kinachomuua, kisha unampunguzia taratibu.

Kisa cha plasta ya nikotini kinanigusa zaidi, kwa sababu kimeanzia shambani. Murray Jarvik na Jed Rose wa California walivutiwa na ugonjwa wa wachuma tumbaku wa majimbo ya kusini ya Marekani, ambao madaktari wa Florida walikuwa wameuandika mwaka 1970. Wachumaji waliofanya kazi kwenye majani yaliyolowa walishikwa na kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Nikotini huyeyuka kwenye umande au maji ya mvua na kupenya ngozi. Watafiti hao wakawaza: kama inaweza kupenya na kumwumiza mchumaji, basi kwa kipimo kidogo inaweza kupenya na kumtuliza anayeacha sigara. Walipokosa ruhusa ya kuwajaribia watu wengine, walijipaka wenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 plasta ilikuwa ikiuzwa Marekani.

Nilipolisoma hilo katika maktaba ya chuo nilifunga kitabu kwa muda. Mimi nimeugua ugonjwa huo. Sisi watoto tulichuma majani alfajiri, kabla ya shule, umande ukitudondokea mpaka kwapani, na kuna asubuhi nilitapika njiani mpaka nikaketi chini. Nyumbani walisema ni njaa, au ni malaria, nikapewa uji. Ngozi zetu zilikuwa zikionyesha jambo lile lile ambalo baadaye liliwekwa kwenye pakiti na kuuzwa. Sisemi kwamba tuliibiwa. Jarvik na Rose hawakutujua, na wachumaji waliowaanzishia wazo hilo walikuwa wa nchi yao. Nasema tu kwamba wakulima waliouza kwa kilo walikuwa na elimu hiyo mwilini bila mtu wa kuwauliza.

Kuna dawa nyingine ambayo historia za Magharibi huiruka. Mti wa laburnamu, wenye maua ya njano yanayoning'inia, una kemikali iitwayo sitisini, inayokaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo nikotini hukalia. Bulgaria ilianza kutengeneza vidonge vyake, Tabex, mwaka 1964, mwaka uleule ambao Wamarekani walikuwa wanasema ni mazoea. Vilitumika Ulaya Mashariki kwa miongo mingi huku madaktari wa Magharibi wakiwa hawavijui. Hatimaye mwaka 2011 matokeo ya jaribio lililofanyika Warsaw kwa watu 740 yalichapishwa: baada ya mwaka mmoja, asilimia 8.4 ya waliomeza sitisini walikuwa bado hawavuti, na asilimia 2.4 ya waliomeza vidonge vitupu. Msomaji aziangalie tena takwimu hizo. Dawa imefanya kazi zaidi ya mara tatu, na bado zaidi ya watu 90 kati ya 100 walirudia. Kwa mtu anayesema kuacha ni suala la kuamua, namba hizo ni jibu tosha.

Maumivu yenyewe yaliingia katika vitabu vya tiba polepole. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani kiliyaorodhesha katika mwongozo wake wa magonjwa. Mwaka 1986 John Hughes na Dorothy Hatsukami waliyapima na kuyaeleza moja moja: hasira, wasiwasi, kushindwa kutulia, kukosa umakini, njaa, usingizi mbaya, na ile kiu yenyewe. Mwaka 1988 C. Everett Koop, akiwa katika kiti kilekile alichokikalia Luther Terry, alitoa ripoti iliyosema kwamba nikotini ina uraibu, na kwamba namna inavyomshika mtu inafanana na ya heroini na kokeni. Mazoea ya mwaka 1964 yakafutwa baada ya miaka 24.

Julai mwaka jana, nikiwa nyumbani kwa likizo, Araali alianza mara ya nne. Safari hii nilikuwa na daftari la somo hili, na nilimsomea. Nilimweleza kwamba nikotini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo kuamka na kiu ya sigara si udhaifu, ni saa za usiku zilizopita bila dawa. Nilimweleza kwamba ubongo wa mvutaji umeongeza vipokezi, navyo vikikosa mgeni wao hupiga kelele. Kelele huwa kubwa zaidi siku za kwanza, hasa ya pili na ya tatu, kisha hushuka kwa wiki mbili hadi nne. Njaa hukaa zaidi ya hapo, na watu wengi huongezeka kilo nne au tano. Na ile kiu kali inayokuja ghafla, ukiipa kazi nyingine, hupita kwa dakika chache. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Akiiki, kwa hiyo siku ile ya chumvi nilikuwa mgonjwa?" Mke wake alikuwa mlangoni. Hakusema kitu, lakini nilimwona akitabasamu kwa mbali.

Nilizunguka maduka ya dawa matatu mjini kutafuta chingamu ya nikotini. Mawili hawakuijua. La tatu waliijua, wakasema inaagizwa Kampala, na bei waliyokisia ingemshinda mkulima. Basi tukatumia tulichonacho. Alitafuna muwa. Alienda shambani saa zile alizozoea kuketi na msokoto chini ya mwembe, akabadilisha hata kiti. Alikataa kwenda kwenye pombe ya jioni kwa wiki tatu, na hilo kwa mzee wa kwetu ni jambo kubwa kuliko sigara. Jambo moja lilitushangaza. Kwetu watu hutafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na wageni hukaribishwa kwazo. Araali aliongeza buni ili zimshughulishe mdomo, na siku ya nne moyo ulimdunda, mikono ikatetemeka, akawa karibu kukata tamaa akidhani ni kiu ya tumbaku inamzidi. Nilitafuta nikakuta maelezo: moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka, na moshi ukikoma kafeini ileile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Buni za kawaida zikawa nyingi mno kwake. Tukapunguza, akalala.

Uganda haikukaa bure. Iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 21, inakataza kuuza sigara moja moja na inapiga marufuku shisha. BAT Uganda ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, ikashindwa mwaka 2019. Naiunga mkono sheria hiyo. Lakini ukiisoma kama mwanafunzi wa historia, utaona sauti ya akina Murad ndani yake, ingawa bila upanga: usivute hapa, usiuze vile. Ibara ya 14 ya mkataba inazitaka nchi ziwasaidie wanaotaka kuacha. Chingamu na plasta zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, orodha ileile yenye dawa za malaria. Dawa ya malaria niliikuta katika maduka yote matatu.

Banda la kukaushia bado lipo nyuma ya nyumba, sasa limehifadhiwa mahindi. Harufu haijatoka kwenye udongo wa kuta, na Araali husema siku za mvua hupita upande wa pili. Nilipoondoka kurudi chuoni alikuwa na wiki saba. Nilipompigia simu mwezi wa pili mwaka huu alikuwa bado hajarudia, na aliniambia kwamba wanaume wawili wa kijiji wamemfuata, mmoja baada ya mwingine, wakati mkewe hayupo, wakamuuliza kwa sauti ya chini siku ya tatu inakuwaje.